Mzee Aliyesugua Diski kwa Jivu

Jivu lililolowa lina harufu yake, na mimi naijua kuliko harufu ya sabuni. Wiki ile tulipomzika baba, wanawake wa Ganako, kijijini kwetu, walikuwa nyuma ya nyumba wakisugua masufuria ya msibani, na harufu ile ikanifuata mpaka chumbani kwake, nilikokuwa napanga nguo zake za kugawa. Sikuwa nalia. Mimi si mtu wa kulia. Wanaonijua wamezoea, na wasionijua husema nina roho ngumu. Waseme. Nikavuta kasha la bati lililokuwa chini ya kitanda, na chini kabisa, chini ya sweta na vyeti vya ubatizo, nikakuta daftari kubwa lenye jalada gumu na diski moja ya kompyuta ndani ya mfuko wa nailoni. Ile diski ilikuwa imesuguliwa mpaka haing'ai tena. Nikaketi kitandani kwa baba nayo mkononi, nikajikuta nina miaka kumi na moja.

Ninyi wa rika langu mnazikumbuka kompyuta za wakati ule, kioo chake kizito kama gunia la mahindi na kasha lake likinguruma chini ya meza. Ya kwetu aliiunda kaka yangu Emanueli, tuliyemwita Ema. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata kazi katika duka la intaneti Karatu mjini, pale madereva wa watalii walipokuwa wanakuja kusoma barua zao. Kasha aliliokota kwenye hoteli moja ya juu, njia ya kreta, walikokuwa wanatupa vitu vyao vibovu. Ubao wa ndani aliuleta kutoka Arusha akiwa ameuviringisha ndani ya sweta kama mtoto mchanga. Vipande vingine vilitoka kwenye kompyuta zilizokufa, na Ema alijisifu kwamba yeye ni daktari anayefufua wafu. Mama hakuupenda mzaha huo.

Alitaka kuiwekea Linux. Alitutangazia wakati wa chakula, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za uchumba, kwamba kuna mfumo wa kompyuta usio na mwenyewe, wa bure, haushiki virusi, na watu wa dunia nzima wanasaidiana kuutengeneza. Bibi mzaa baba, ambaye sisi Wairaqw tunamwita Aama, akauliza kama ni sawa na kulima kwa kualikana, leo shamba langu, kesho lako, halafu pombe.

"Ni hivyo hivyo, Aama," Ema akasema, "ila pombe hakuna."

"Basi hautafika mbali," akasema Aama.

Mfumo wenyewe ulikuwa kwenye diski tatu. Ema alikuwa amezichoma, yaani kuunakili mfumo ndani yake, kule dukani pamoja na rafiki yake Elibariki, kijana wa Kichaga ambaye wazazi wake walikuja Karatu kuuza saruji na mabati. Hazikuwa na picha wala rangi, ziliandikwa tu kwa kalamu nyeusi: moja, mbili, tatu. Alizipanga mezani, karibu na dirisha, pamoja na bisibisi zake na daftari alimokuwa anaandika kila alichofanya. "Fundi asiyeandika," alikuwa anasema, "anatengeneza kitu kimoja mara kumi."

Mimi kazi yangu ilikuwa kuwinga ndege kwenye mtama wa Aama. Kelele, kupiga bati, kurusha mawe, kutwa nzima, na ndege wale hawana aibu. Ema ndiye aliyenifundisha kutundika diski zilizokufa. Unaifunga kwa uzi wa katani, unaining'iniza kwenye mti, upepo unaizungusha, jua linawaka juu yake, na ndege wanadhani sijui wanaona nini, wanakwenda kwa jirani. Alikuwa amenipa mbili. Mtama ulipoanza kukomaa nikaona hazitoshi, nikaingia ndani, nikachukua nyingine mezani. Zile zilizokufa nazo ziliandikwa kwa kalamu hiyo hiyo nyeusi. Mimi ningejuaje?

Ilikaa shambani siku tatu. Upepo wa Ganako mnaujua, ule wa kiangazi unaobeba vumbi jekundu. Ilizunguka ikijipiga kwenye mti na kwenye mabua. Siku ya tatu nikamsikia Ema ndani akipekua na kuuliza nani ameona diski namba mbili. Nikakimbia shambani, nikakata uzi kwa meno, nikaifuta diski kwa gauni, nikairudisha mezani chini ya daftari wakati yeye ameenda kutafuta chumbani kwa Aama. Akarudi, akaiona, akasema, "Aa, hii hapa." Hakuniangalia. Nikamshukuru Mungu kwa haraka.

Jioni ile akaanza. Diski ya kwanza ilipita vizuri. Kompyuta ikaomba ya pili, akaiweka, na kioo kikaanza kuhesabu asilimia. Ilipofika sitini na moja ikasimama. Kisomea diski kikatoa sauti ya krrr, krrr, kama kuku anayechakura, kikanyamaza, na kioo kikaandika mistari ya Kiingereza. Ema akazima, akaanza upya, ikasimama palepale. Akaandika kitu kwenye daftari, akaenda kulala.

Asubuhi akavaa koti lake. Mama alikuwa jikoni, akamwambia kupitia mlangoni, "Naenda mjini, narudi," kama siku zote. Mimi nilikuwa kwenye lango la ua. Akanifinya shavu.

"Nafuata diski nyingine," akasema. "We baki na ndege wako."

Akadandia gari la vitunguu lililokuwa likipanda barabarani. Kabla halijafika mjini, kwenye korongo, lilipinduka. Walimleta nyumbani mchana akiwa amefunikwa turubai, na nguo zake zilinuka vitunguu. Nakumbuka harufu hiyo, nakumbuka kiatu kimoja hakikuwepo, na nakumbuka nilikuwa nina njaa. Sikulia. Watu wakasema mtoto ameshtuka. Kichwani mwangu kulikuwa na sentensi moja tu, nafuata diski nyingine, na niliyeisikia ni mimi peke yangu.

Baada ya maziko Aama akasema tuko kwenye metimani. Hii ni desturi ya zamani ya kwetu. Nyumba iliyofiwa na kijana ambaye bado hajaoa inabeba uchafu wa kifo, na watu wake wanakaa peke yao mpaka watakaswe. Hatukutakiwa kwenda kisimani na wengine, wala kuomba moto, wala kushikana mikono na mtu. Wengi walikuwa wameshaiacha hata wakati ule, na sisi tulikuwa Wakatoliki wa kanisani kila Jumapili. Aama hakujali. Alisema miezi mitatu, na hapo alikuwa ametupunguzia. Padre alipokuja alimkalisha kwenye jiwe nje ya ua wa minyaa, naye akatuombea kwa sauti kubwa kutoka huko huko. Mwalimu mkuu, mtu wa kuja, alituma ujumbe kwamba shule haitambui metimani. Aama akamjibu kwamba metimani nayo haitambui shule.

Basi tukakaa. Mama alilala akitazama ukuta. Aama alipika, na sisi tulikula kwa sababu chakula kilikuwa mbele yetu. Hakuna aliyemtaja Ema. Siku zilikuwa ndefu na bapa, na mimi nilikuwa kama mtu aliyefungwa blanketi kichwani, nasikia kila kitu lakini kwa mbali.

Wiki ya pili baba akaketi mbele ya kompyuta. Baba yangu alikuwa mkulima wa ngano na fundi wa majembe ya kukokotwa, mwenye vidole ambavyo kalamu ilipotea ndani yake. Alikuwa ameishia darasa la saba. Akafungua daftari la Ema, akasoma ukurasa baada ya ukurasa akisogeza kidole, muda mrefu sana, kisha akalifunga. Akachukua bisibisi.

"Njoo unishikie skrubu," akaniambia.

Nikashika kifuniko cha kopo, na skrubu zikawa zinaanguka ndani moja moja. Akasema, "Kazi ya mtoto haiachwi njiani." Ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyosema wiki ile.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, na sikujua amesimama tangu lini. Nywele zake hazikusukwa. Akamtazama baba, kisha kompyuta, na akasema taratibu kabisa, kama anasoma orodha ya dukani: "Siku ile ilikuwa siku yake ya mapumziko. Hakuwa na kazi mjini. Kuna kitu kilimtoa hapa ndani. Nikikijua, na kama kina mtu, mtu huyo sitamsamehe mpaka nife."

Baba akaendelea kufungua skrubu. Mimi niliogopa. Katika ganzi yote ile, hilo ndilo jambo pekee nililolihisi sawasawa. Nilijua kitu chenyewe. Kilikuwa mezani, hatua mbili kutoka kwa mama, kimeandikwa namba mbili.

Baba akawasha mashine, akafuata maandishi ya Ema. Diski ya kwanza ikapita kwa saa nzima. Ya pili ikaanza. Hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini. Krrr, krrr. Mistari ya Kiingereza ikatokea, na mimi niliyekuwa darasa la tano nikaona katikati yake neno la diski na ile namba mbili. Nikatazama pembeni. Baba akakitazama kioo muda mrefu, akazima.

Aliyetujia kusaidia ni Elibariki. Alikuja Jumapili akitoka kanisani kwao, Mlutheri amevaa tai, na Aama akamsimamisha palepale kwenye jiwe la padre.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usisogee."

"Lakini bibi, nimekuja kuangalia mashine ya marehemu."

"Iangalie kutoka hapo."

"Yesu wangu! Sasa mimi nitatengenezaje kompyuta kwa kupiga kelele?"

"Padre ameomba kwa kupiga kelele na Mungu amesikia," akasema Aama. "Kompyuta ni nani?"

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Baba akaisogeza meza mpaka dirishani, Elibariki akasimama ng'ambo ya minyaa akiwa ameweka viganja mdomoni, na kila Jumapili nusu ya Ganako ikajua kompyuta yetu inaumwa nini.

"Baba! Inasimama wapi?"

"Sitini na moja!"

"Inaandika nini hapo?"

Mistari ilikuwa kwenye kioo, myeupe, mirefu. Baba aliitazama, halafu akatoa kichwa dirishani.

"Haiandiki kitu! Imeganda tu!"

"Hata neno moja?"

"Hata moja!"

Nikashangaa, halafu nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Kiingereza kimemshinda, nikasema moyoni. Anaona aibu kumwambia kijana wa mjini kwamba hawezi kusoma. Nilimwonea huruma baba yangu, na huku namwonea huruma nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu ujinga wake ulikuwa ndio maficho yangu.

"Basi itakuwa ramu!" Elibariki akapiga kelele. "Ni kile kijiti cha kijani! Kitoe, kifute kwa kifutio cha penseli, ukirudishe!"

Baba akakitoa, akakifuta kwa kifutio changu cha shule, akakirudisha. Saa nzima ya diski ya kwanza, kisha sitini na moja.

Jumapili iliyofuata ilikuwa waya bapa. Iliyofuata, betri ndogo ya kwenye ubao, itolewe ikae nje usiku kucha ili mashine isahau. Mashine ikasahau saa na tarehe, lakini haikusahau sitini na moja. Elibariki akatuletea feni nyingine, kwa sababu vitu viliruhusiwa kuingia kwetu, havikuruhusiwa kutoka. Aliiacha juu ya jiwe, nikaifuata akishaondoka. Kisha akaleta kisomea diski kingine. Siku hiyo nilijua sasa basi, maana kisomea kizima kikishindwa, kosa ni la diski. Baba akakifunga, akaweka diski, tukangoja. Krrr, krrr.

"Baba! Na diski zenyewe je? Zitazame kwenye mwanga, hazina mikwaruzo?"

Baba akaichukua namba mbili. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Akaiinua dirishani, akaigeuza, na jua likapita juu ya mikwaruzo ile mirefu yote, ile ya mti na ile ya mabua, mimi naiona, naihesabu.

"Nzima kabisa!" akaita. "Kama kioo!"

Macho nayo, nikawaza. Mzee macho nayo yameanza kumwacha.

Kati ya Jumapili na Jumapili alifanya kazi peke yake. Alitoa kila kitu, akakipanga juu ya gunia safi, akarudisha kimoja kimoja, akiwasha kila mara. Kila alichojaribu alikiandika kwa penseli kwenye daftari la Ema. Mama alikuwa chumba cha pili na mlango wazi, na nilitambua kwamba alikuwa anasikiliza. Sauti ya kuku anayechakura ilipokuja, kitanda chake kililia kidogo, akageukia ukutani. Nilishika kopo la skrubu. Mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie baba, na mara zote nilisikia ile sauti ya orodha ya dukani, mtu huyo sitamsamehe, nikafunga mdomo. Nikimwambia, nitabaki bila mama. Ndivyo nilivyoiona hesabu yenyewe, na sidhani kama niliikosea.

Mwezi wa tatu uliandama, Aama akasema imetosha. Siku ya kutakaswa tuliamka mapema. Tulinyolewa vichwa wote. Moto wa zamani ulizimwa, mafiga yakatolewa, jivu lote la miezi mitatu likazolewa na kumwagwa nje upande wa magharibi, na vyombo vikasuguliwa. Mimi nilikuwa nabeba maji. Nilimwona baba kwenye lile rundo la jivu, amechuchumaa, amenipa mgongo, bega lake linakwenda na kurudi. Nikadhani anasugua kikombe chake cha bati. Harufu ya jivu lililolowa ilikuwa kila mahali.

Mchana Elibariki akavuka ua kwa mara ya kwanza. Akatushika mikono sote, hata mama, ambaye alitoka akakaa kwenye kigoda mlangoni na kitambaa kichwani. Tukanywa chai. Kisha Elibariki akakaa mbele ya kompyuta, akaliza vidole, akasema, "Haya, mgonjwa yuko wapi." Akafungua kisomea, akatoa diski namba mbili ili aanze upya. Akaitazama. Akaipeleka dirishani.

"Baba," akasema, "hii diski imekufa. Imekufa kabisa. Kumbe ndiyo..." Akakumbuka kitu. "Kumbe ndiyo hii Ema alikuwa anakuja kuchoma upya. Alinitumia ujumbe wa simu usiku wa kuamkia siku ile, nikae naye dukani Jumamosi kuna kitu cha kuchoma. Hakuniambia ni nini."

Mama akainua kichwa. "Alikuwa anafuata diski?"

"Nafikiri hivyo, mama. Hii iliharibika."

"Nani aliiharibu?"

Nilimwangalia mama, na mama alikuwa anaangalia watu mmoja mmoja, Aama, Elibariki, na macho yake yalikuwa njiani kuja kwangu.

"Mimi," akasema baba.

Akakohoa. "Ilikuwa na vumbi. Nikaona kijana anahangaika, nikasema nimsaidie. Nikaisugua kwa jivu."

Elibariki alijaribu, nawaapia alijaribu kujizuia. Alibana midomo, akaangalia juu, halafu kicheko kikamtoka puani. "Baba! Kwa jivu? Diski? Kama sufuria?" Aama naye, ambaye hakuelewa diski ni nini lakini alielewa mwanawe amefanya ujinga, akaanza kutikisika. "Na tumefungua mashine nzima miezi mitatu!" Elibariki akasema, anafuta machozi. "Kwa nini hukusema, baba?"

"Sikujua jivu linadhuru," akasema baba.

Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote. Nilidhani Mungu amenifanyia muujiza, kwamba siku moja, sijui lini, baba kwa ujinga wake aliisugua diski ile ile, mikwaruzo yake ikafunika yangu, na sasa hakuna atakayejua. Nilikuwa na furaha ya mwizi ambaye nyumba aliyoiibia imeungua. Mama peke yake hakucheka. Alisimama, akaingia ndani.

Elibariki alileta diski mpya kesho yake. Ilipita sitini na moja bila hata kupumua, ikaenda mpaka mia, na kompyuta ikawaka ikatuuliza jina. Baba alikuwa ametoka nje, anatazama ng'ombe. Mama akauliza kutoka chumbani, "Imekubali?" Elibariki akamwambia imekubali. "Haya," akasema mama. Elibariki akataka ile diski mbovu niende kuitundika mtamani, inafaa kwa ndege. Baba, aliyekuwa anaingia, akaichukua mkononi mwake, akaitia mfuko wa shati.

Hadithi ilifika Karatu mjini kabla ya jua kuzama. Baba akaitwa Mzee Jivu mpaka anazeeka. Sokoni walimwuliza, "Mzee Jivu, leo umesugua nini?" naye akajibu, "Redio!" wakacheka wote. Watu wenye kompyuta za kisasa walisimuliana habari zake kama mfano wa ushamba wetu, na mimi mwenyewe, nikiwa sekondari Arusha, niliwachekesha wasichana bwenini kwa baba yangu. Nilikuwa naiga mpaka bega lake.

Nyumbani mama alihamia kwenye kitanda changu. Alimpikia baba, alimfulia, alimwekea maji ya kuoga, na hakumwambia neno lisilo la kazi. Nilidhani ni huzuni ya Ema, kwamba anataka kulala na mtoto aliyebaki. Nilifurahi kupata joto lake. Ilikuwa hivyo karibu mwaka mzima, kisha usiku mmoja tu akachukua mto wake akarudi kwa baba, na hakuna aliyenieleza kitu. Watoto hawaelezwi.

Sasa nilikuwa kitandani kwake na daftari. Nikalifungua nyuma, mahali mwandiko wa Ema unapokoma. Ulikuwa mwandiko wake ule wa haraka, umelala kulia:

*Diski 2 inagoma 61. Mikwaruzo, na kipande cha katani kwenye tundu. Ni Paska, aliitundika kwa ndege. ASIAMBIWE, atalia bure. Nachoma nyingine kesho kwa Eli.*

Paska ni mimi.

Chini yake, kwa penseli iliyokandamizwa mpaka karatasi imebonyea, herufi kubwa za mtu wa darasa la saba: *Sawa.*

Kisha zikafuata kurasa za baba. *Ramu. Bado. Waya bapa. Bado. Betri. Bado. Feni. Bado.* Wiki baada ya wiki, kila kipande cha mashine ile kimeandikwa na kimeshtakiwa, kurasa tisa, na hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa diski. Mzee niliyedhani Kiingereza kimemshinda. Mzee niliyedhani macho yamemwacha. Nikaigeuza diski dirishani kama alivyoigeuza yeye, na baada ya miaka yote hii bado unaiona mikwaruzo ya aina mbili, mirefu ya shambani chini, na juu yake miviringo midogo midogo ya mtu aliyesugua kwa makini, asiache hata upenyo.

Nikarudi kwenye ule ukurasa wa Ema, kwa sababu kulikuwa na kitu nilikipita. Chini ya *Sawa* ya baba, pembeni, kwa kalamu ya bluu, mwandiko mwembamba unaoandika orodha za dukani: *Sawa.*

Hapo nikaukumbuka usiku ule mama alipochukua mto wake akarudi kwa baba.

Nikasikia malapa. Mama akaingia, amejifunga kitenge kiunoni, mikono yake ina jivu mpaka viwikoni, kwa sababu hata kwenye msiba wa mumewe hawezi kuwaachia wengine masufuria. Akasimama. Akaliona daftari mapajani pangu, akaiona diski. Nilikuwa nimelifunga lakini kidole changu kilikuwa bado ndani ya ukurasa.

"Umepata nini humo?" akauliza.

"Mambo ya kompyuta, mama. Ya Ema."

Akanitazama. Mama yangu ni mzee sasa, na macho yake yana ukungu, lakini alinitazama mpaka ndani. Kisha akaichukua diski kwa mkono wake wenye jivu, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Baba yako na jivu lake," akasema. "Mwanamume mzima, anasugua diski ya watu kama sufuria."

Akacheka, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, akiniangalia aone kama nami nacheka.

Nikacheka. Halafu nikalirudisha daftari chini kabisa ya kasha, chini ya sweta, nikaenda naye nyuma kusugua masufuria.